Shangazi Alifika, Shemeji Akarudi Njiani: Kisa cha Matembezi ya Jebel Shams Yaliyopangwa Unguja

Kisa kilianzia mezani, Kikwajuni, mwezi wa Agosti. Shangazi alikuwa ameshakata shauri kwenda Maskati mwezi wa Disemba kuwaona jamaa, kama aendavyo kila baada ya miaka michache. Safari hii alisema hataki kukaa wiki tatu sebuleni akinywa kahawa na kungoja wageni. Anataka kutembea mlimani. Ana miaka 61, kafundisha skuli zaidi ya miaka thelathini, na goti lake la kulia limekuwa likimsumbua tangu kabla hajastaafu. Akanigeukia: "Weye ndiye mtembezi wa nyumba hii. Nipangie, mwanangu, lakini nipangie nirudi mzima."

Naandika kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi za Zanzibar zina jamaa Omani, na milima ile iko saa chache tu kwa gari kutoka Maskati. Wengi wetu tukiamua kwenda, tunapanga kwa akili ya kisiwani, na mimi ndivyo nilivyoanza. Pahala pa juu kabisa Unguja, kule Masingini, hapafiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyekulia hapa akisikia kilomita nane anajua zinavyomaanisha: ni mwendo wa kutoka Darajani hadi kukaribia Bububu, saa moja na nusu ukienda bila haraka, basi. Mlimani hesabu hiyo haikwambii kitu.

Tulikuwa sita. Shangazi, dada yangu na mumewe, binti yao wa miaka 12, mimi, na mtoto wa ami yangu, aliyezaliwa Unguja na kukulia Maskati, ambaye ndiye mwenye gari na mwenye kuijua njia. Mume wa dada, shemeji yangu, ndiye mwenye nguvu kutuzidi sote. Kila jioni yuko uwanjani na mpira. Katika karatasi yangu ya kwanza nilimwandikia neno moja tu: "salama". Neno hilo tutalirudia.

Njia tatu mezani

Milima ya Hajar imejipinda kaskazini mwa Omani kwa mamia ya kilomita, na sehemu yake ya kati, penye Jebel Akhdar na Jebel Shams, kwa kiasi kikubwa ni mwamba wa chokaa. Mbele yetu kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupanda Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Omani. Kilele chenyewe kina kambi ya jeshi, kwa hiyo watembea kwa miguu huishia kilele cha kusini, kinachokaribia mita 3,000. Ya pili ni ile njia ya ukingoni inayoanzia kijiji cha Al Khitaym, upande huohuo wa mlima, ikaambaa ubavuni mwa bonde kubwa mpaka kijiji kilichohamwa cha As Sab. Ya tatu ni kutembea baina ya vijiji vya Jebel Akhdar, Al Aqr, Al Ayn na Ash Shurayjah, katikati ya mashamba ya matuta na mifereji ya maji.

Mtoto wa ami alitaka kilele. Alinipigia simu usiku, sauti imejaa mapenzi: "Dada, usipofika kileleni hujafika Jebel Shams. Niachie mimi, shangazi nitampandisha polepole."

Nilimjibu kwamba tatizo la shangazi si kupanda. Lakini usiku ule sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hisia tu. Ushahidi niliupata Michenzani.

Ngazi za Michenzani

Kisiwa hakina mlima, ila kina ngazi. Shoga yangu anakaa ghorofa ya nne katika yale majumba ya Michenzani, na jumba lake halina lifti. Kuanzia Septemba nilikuwa nampeleka shangazi pale kila Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kali. Kupanda alipanda vizuri. Alipumua kwa nguvu, akasimama kila ghorofa kusalimiana na watu, akafika juu anacheka. Tulipogeuka kushuka ndipo nilipoona. Kwenye ngazi ya tatu aliubadili mwili, akawa anashuka upandeupande kama kaa, mkono wa kushoto umeshika chuma cha ngazi, na kila mguu wa kulia ulipotangulia, kidole gumba cha mkono kilikuwa kinabonyea mpaka kinageuka cheupe. Hakusema neno. Nisingekitazama kile kidole, nisingejua.

Kupanda humaliza pumzi, na pumzi hurudi ukikaa dakika tano. Kushuka humaliza goti, na goti halirudi siku ile. Kutoka Al Khitaym mpaka kilele cha kusini unapanda kiasi cha mita 1,000, na zote utazishuka. Tukikadiria ghorofa moja kuwa mita tatu, hizo ni ghorofa zaidi ya 300 za kushuka, kwa goti lililolalamika kwenye ghorofa nne. Nilimwandikia mtoto wa ami hesabu hiyo peke yake, sikuongeza neno. Alijibu baada ya dakika kumi: "Basi twende ukingoni."

Na ukingoni si zawadi ya kujifariji. Kilele unakifikia mwisho wa siku ya taabu; ukingoni, mandhari yako wazi tangu hatua za mwanzo. Bonde la Ghul limezama karibu mita 1,000 chini yako, na njia inakaa ubavuni mwake muda wote, karibu tambarare, kiasi cha kilomita 4 kwenda na nyingine 4 kurudi. Kwa mtu anayetaka kuona mbali bila kuua magoti, sijui njia bora kuliko hiyo katika milima ile.

Jiwe tunalolijua

Nilimwambia binti wa dada kwamba tunakwenda kutembea juu ya jamaa ya maweni yetu. Mawe ya mashariki ya Unguja, yale yanayokata malapa kule Jambiani na Makunduchi, ni chokaa ya matumbawe. Mawe ya Hajar nayo yalijengeka chini ya bahari ya kina kifupi, ila ni ya zamani mno, mengine yamezidi miaka milioni 100, kisha ardhi ikayanyanyua. Ndiyo maana unakuta makombe ya baharini ndani ya jiwe huku umesimama mita 2,000 juu.

Udugu huo una faida katika kupanga, kwa sababu tabia ni zilezile. Jiwe la chokaa linameza maji. Mvua inaingia nyufani na kupotelea chini, juu panabaki pakavu. Kwetu ndio sababu watu wa maweni wamekuwa wakichota mapangoni na visimani, na kule ndio sababu watu walichimba mifereji waiitayo aflaj. Mitano kati yake, ukiwemo wa Al-Khatmeen ulioko kijiji cha Birkat al-Mawz, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa mtembezi maana yake ni moja: maji yote unayobeba ndiyo maji yote uliyonayo. Tuliweka lita tatu kwa kila mtu mzima. Lita tatu ni kilo tatu begani, kwa hiyo katika Jumamosi za mwisho za Michenzani tulipanda na chupa zimejaa, ili bega lizoee kama mguu ulivyozoea.

Tabia ya pili ni kukata viatu. Nilimpeleka kila mmoja kutembea saa mbili juu ya maweni, ndani ya msitu wa Kiwengwa, amevaa viatu vilevile atakavyovaa Omani. Raba mpya za dada zilichanika ubavuni siku hiyohiyo. Afadhali zilichanikia Kiwengwa. Tabia ya tatu sikuweza kuwafundisha hapa: pale njia ilipokanyagwa miaka mingi, jiwe la chokaa limelainika, na juu yake kuna changarawe ndogo ndogo. Kukanyaga hapo ni kama kukanyaga choroko zilizomwagika kwenye sakafu. Dawa yake ni hatua fupi, uzito katikati, na fimbo mbili kwa mwenye goti bovu.

Ratiba ya sala kama ratiba ya mlima

Kuna kanuni ya Mskochi mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu, kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36. Miinuko midogo midogo niliikadiria kwa wingi, mita 300 kwa jumla, yaani nusu saa. Jumla saa mbili na kidogo. Lakini Naismith alihesabu mtu mzima mwenye siha asiyesimama, na sisi tuna bibi wa miaka 61 na mtoto anayetaka kupiga picha kila mbuzi. Nikazidisha mara mbili. Saa nne na kidogo.

Zianzie wapi na ziishie wapi? Katika rasimu yangu ya kwanza tuliondoka saa 4 asubuhi, tukajipa saa moja ya kula njiani, na nikaandika kwamba hata tukichelewa jua halitazama mpaka saa 12 na nusu. Hapo nilikosea kabisa. Jua la saa 12 na nusu ni jua la Unguja katika Disemba. Kule jua huzama mwishoni mwa Disemba kiasi cha saa 11 na nusu, na asubuhi huchelewa kuchomoza. Mchana wetu ni karibu saa 12 na nusu. Mchana wao hauzidi sana saa 10 na dakika 40. Nilikuwa nimejigawia karibu saa mbili za mwanga ambazo hazipo. Zaidi ya hayo saa ya Omani iko mbele ya yetu kwa saa moja, na mwenye saa ya mkononi asipoirekebisha atakuwa anasoma muda wa Kikwajuni juu ya mlima wa watu.

Aliyenisahihisha ni shangazi, wala hakuwa anatafuta kosa. Alikuwa ameniomba nimtafutie ratiba ya sala ya Nizwa, mji tutakapolala, akaibandika kwenye friji. Siku moja akisubiri chai akasoma magharibi ya tarehe yetu kwa sauti. Nikaondoka kwenye kiti nikaenda kuisoma mwenyewe.

Tangu siku hiyo napanga matembezi yote kwa ratiba ya sala ya pahala ninapokwenda. Mwislamu anayo nyumbani, imeshahesabiwa kwa mji na kwa tarehe, na inakupa mipaka yote unayoihitaji: alfajiri unaamka, kuchomoza kwa jua unaanza kuona unapokanyaga, magharibi uwe umeshafika garini zamani. Niliandika upya. Kuanza kutembea saa 3 asubuhi. Kugeuka saa 6 mchana, popote tulipo, hata kama kijiji kiko mbele ya macho. Kurudi garini kabla ya saa 9. Baina ya hapo na magharibi kunabaki saa mbili na nusu za akiba, kwa goti, kwa kifundo kilichoteguka, kwa lolote. Na kwa kuwa sisi ni wasafiri, tulikubaliana kuijumuisha adhuhuri na alasiri tukisharudi, penye maji ya udhu garini, ili maji ya begani yabaki ya kunywa.

Baridi sitaikalia sana. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi sita. Maskati mchana wa Disemba ni kama nyuzi 25. Mlimani mita 2,000 juu tegemea 13, na usiku hukaribia sifuri. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa chini ya nyuzi 20 hawezi kulikisia hilo. Majaketi tuliyapata Darajani kwenye mitumba, mazito na mazuri, kwa bei ndogo kuliko jozi ya makobazi. Chakula kilikuwa tende, visheti na mayai ya kuchemsha. Jamaa wa Maskati aliachiwa ratiba yote kwa maandishi na maagizo: asiposikia simu yetu mpaka saa 11 jioni, apige 9999, namba ya polisi ya dharura ya Omani.

Siku yenyewe

Siku ya kwanza ya matembezi tuliitumia Birkat al-Mawz, kwenye tambarare, tukifuata mfereji chini ya mitende, ili miguu izinduke. Siku ya pili ilikuwa ya ukingoni.

Tulifika Al Khitaym saa 2 na nusu. Mbuzi walitupokea kabla ya watu. Pembezoni mwa njia wenyeji walikuwa wametandaza mazulia ya manyoya ya mbuzi, mekundu na meusi. Alama za njia ni mistari ya rangi tatu, manjano, nyeupe na nyekundu, iliyopakwa kwenye mawe, nayo inaonekana vizuri. Saa 3 tukaanza, wawili wawili kama tulivyopangana: shangazi na mimi, dada na binti yake, shemeji na mtoto wa ami.

Dakika ishirini hivi baadaye nilisikia nyuma kumenyamaza. Nikageuka. Njia pale imepinda na kupungua, imekuwa na upana wa meza ya kulia chakula. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. Shemeji alikuwa amesimama, kiganja kimoja kimebandikwa ukutani vidole wazi kabisa, mkono wa pili umekamata mkanda wa begi la binti yake. Kulikuwa na baridi, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Binti alikuwa anamtazama baba yake usoni, hajui afanye nini.

Nilipomfikia alisema polepole, "Shemeji, miguu haitaki."

Nilimwomba kwanza aachie mkanda wa begi. Hilo lilichukua muda kuliko nilivyodhani. Kisha akae chini, mgongo ukutani, macho kwenye jiwe lililo mbele yake na si bondeni. Alipokaa, pumzi ilianza kurudi.

Hapo ndipo karatasi yangu ilipoonyesha tundu. Kanuni ilikuwa kwamba anayerudi anarudi na mwenzake. Mwenzake shemeji ni mtoto wa ami, na mtoto wa ami ndiye dereva pekee, ndiye mwenye ufunguo, na ndiye pekee aliyewahi kupita njia ile. Akirudi yeye, tuliobaki hatuna mwenyeji. Asiporudi, shemeji hana gari la kujisitiri na baridi. Tulibadilisha palepale: dada akarudi na mumewe, ufunguo wakapewa wao, binti akaunganishwa na mtoto wa ami, akatembea upande wa ukuta. Mabadiliko madogo, lakini tuliyafanya tumesimama ukingoni, dakika kumi na tano, wakati yangeweza kufanywa Kikwajuni juu ya kikombe cha chai.

Shangazi alitembea na fimbo zake mbili kwa mwendo uleule wa mwanzo hadi mwisho. Saa 5 na dakika 20 tulikuwa As Sab. Nyumba za mawe zimejibanza chini ya paa la mwamba, na mbele yake matuta ya mashamba yamekauka, yananing'inia juu ya bonde. Watu waliishi hapa, wakalima hapa, kila gunia na kila mgonjwa akapitishwa njia tuliyopita. Shangazi alikaa kwenye kizingiti akatazama muda mrefu. Halafu akainama, akafuatisha kwa ukucha duara jeupe la kombe lililoganda ndani ya jiwe, akamwita mjukuu wake aje aone.

Saa 6 tuligeuka. Saa 8 na nusu tulikuwa garini.

Nilichokosea

Tuliporudi Nizwa nilikaa na karatasi yangu. Njia ile watu huiita ya wastani, na kwa haki. Lakini neno hilo hupimwa kwa urefu wa njia na kupanda. Nilikuwa nimeongeza la tatu, magoti wakati wa kushuka, na hilo ndilo lililomwezesha shangazi kufika. La nne, kichwa mbele ya kina kirefu, nililigusa juujuu tu. Niliwahi kuuliza katika kundi letu la WhatsApp: "Kuna anayeogopa urefu?" Wote walijibu hapana, na shemeji akaweka kidole gumba.

Kosa halikuwa lake. Nilimuuliza mwanamume mbele ya mkewe, binti yake na shangazi wa mkewe kama anaogopa, na jibu nililipata pale pale nilipoliweka. Isitoshe, kweli hakujua. Ameishi miaka 38 katika kisiwa ambacho huwezi kuwa juu ya kitu chochote isipokuwa ghorofa yenye ukuta wa kifuani. Nguvu za miguu hazina uhusiano na hilo.

Siku hizi namchukua kila mtu peke yake, tunapanda juu ya nyumba yenye sakafu wazi, namwomba asimame hatua moja kutoka ukingoni na kuniambia kilichoko chini. Simuulizi kama anaogopa. Nautazama mkono wake, kama anatafuta kitu cha kushika. Na ufunguo wa gari sasa una nakala, na dereva hapangwi jozi moja na mtu ambaye hatujampima.

Siku ya tatu tulikwenda Jebel Akhdar. Kwenye kituo cha polisi cha Birkat al-Mawz hukagua gari kabla ya kuruhusu kupanda. Bila ya gari ya kuvuta magurudumu manne hupiti. Juu kule njia ya vijijini inapita kati ya nyumba na mashamba, mfereji unaimba pembeni. Shemeji alitangulia tangu Al Aqr mpaka Al Ayn, binti yake amemshika mkono. Matuta ya waridi yalikuwa makavu, msimu wake ni Aprili. Shangazi alisimama akayatazama, akasema Aprili atarudi. Jioni ile shemeji alikuja nilipokaa, akaniuliza, bila ya mtu mwengine kusikia, kama kwa matembezi ya Aprili nitaweza kumpa upana wa kila njia, sehemu kwa sehemu. Nimeshaanza kumwandikia.